King'ora cha Ijumaa

Wiki iliyopita mliniacha nimepiga magoti ndani ya banda la kukatia kondoo manyoya, mkono mmoja umezama kwenye robota la manyoya, mkono wa pili umeshika daftari la mjukuu wangu, Wade. Mlango ukalia nyuma yangu. Kivuli cha mtu kikanifunika.

Sikugeuka. Nilizijua hatua zile tangu zilipokuwa za kutambaa.

"Bibi, unatafuta nini humu?"

Ndani ya robota mlikuwa na bunduki mbili na fulana ya kuzuia risasi. Ndani ya daftari mlikuwa na mchoro wa ukumbi wetu wa zamani wa kanisa pale mjini Merrandool, ukumbi ambao siku hizi Wahazara, wakimbizi Waislamu waliohamia kwetu, wanafanyia sala. Milango yake miwili ilikuwa imetiwa alama nyekundu. Chini yake Wade ameandika kwa mwandiko wake ule wa kulalia kushoto: *Ijumaa, saa saba na robo.*

Siku ile ilikuwa Ijumaa. Saa yangu ya mkononi ilisema saa sita na dakika ishirini.

Nikalisukumia daftari ndani ya aproni, nikainuka taratibu, magoti yakilia kama bawaba.

"Natafuta manyoya ya kujazia mto," nikasema. "Ule wangu umelala bapa kama ulimi wa ng'ombe."

"Manyoya ya mto yako kwenye gunia, hapo mlangoni. Umelipita gunia ukaja mpaka huku nyuma?"

"Macho yangu mabovu, Wade. Leo ndiyo unajua?"

Akanitazama. Ana miaka ishirini na mbili, mrefu kama baba yake, na macho yale yale ya kijivu. Lakini siku ile macho yalikuwa yameingia ndani, kama ya mtu aliyeangalia jua muda mrefu.

"Miwani yako iko wapi?"

"Jikoni."

Uongo. Miwani ilikuwa mfukoni, imelaliana na daftari. Wade anaamini sijui kusoma. Nilitolewa shule darasa la nne nikalee wadogo zangu, na miaka yote barua nasomewa. Asichokijua ni kwamba tangu mume wangu Cliff afariki nimejifundisha mwenyewe, polepole, kwa maandishi ya kwenye chupa za dawa za kondoo. Hakuwahi kuniuliza, nami sikuwahi kumwambia.

Bega lake likashuka kidogo. Ameamini.

"Nipe simu yako, Bibi."

"Ya nini?"

"Yangu imeisha chaji."

Nikampa. Tukatoka naye hadi nyumbani, yeye nyuma, mimi mbele, kama kondoo anayepelekwa kuogeshwa. Akachomoa waya wa simu ya ukutani, akauviringa mkononi, akautia mfukoni. Akachukua funguo za gari langu kwenye msumari.

"Leo usitoke. Jua kali, wametangaza siku ya hatari ya moto."

"Na skonzi za Sakina je? Ijumaa huwa nampelekea skonzi ukumbini."

Nilipotaja jina la Sakina, rafiki yangu wa Kihazara, taya lake likakaza.

"Leo hapana."

"Nitamwambiaje mwenzangu? Amekwisha chemsha chai yake ya iliki..."

"Nimesema hapana, Bibi!"

Hajawahi kunipigia kelele. Hata alipokuwa mtoto na meno yanamwota, hakunipigia kelele namna ile.

Kisha akafanya jambo lililonitia hofu kuliko ukelele wenyewe. Akainama akanibusu kwenye paji la uso. Nje joto lilikuwa la kukaushia matope, lakini midomo yake ilikuwa baridi.

"Nakupenda, Bibi. Kesho watasema mengi juu yangu. Wewe jua tu kwamba nilifanya kwa ajili ya baba."

Akaenda bandani. Dirishani nilimwona akitoka na kitu kirefu kilichofungwa kwenye mfuko wa manyoya, akakilaza ndani ya pikapu. Pikapu ikaondoka, vumbi likapanda.

Nikashika meza. Nikahesabu nilichobakiwa nacho.

Simu hakuna. Gari hakuna. Polisi wetu ni mmoja tu, na Ijumaa huwa zamu yake iko mji mwingine, mwendo wa saa nzima. Mjini ni kilomita tisa kwa barabara. Na Sakina yuko ukumbini anatandika mazulia.

Ndipo nikasikia mkwaruzo juu ya friji.

Redio ya zimamoto! Cliff alikuwa kapteni wa kikosi cha kujitolea miaka kumi na tisa, na redio yake haijawahi kuzimwa tangu nimzike. Wade amekua akiiona pale. Kwake ile ni kama friji yenyewe. Nani huchukua friji?

Nikaikwapua. Kidole kikiwa juu ya kitufe, nikasita.

Kwenye pikapu ya Wade mna redio kama ile ile. Kila gari la shamba wilaya hii linayo. Nikisema ukweli hewani, wa kwanza kuusikia ni yeye mwenyewe, naye atakimbilia ukumbini kabla ya saa yake.

Fikiri, Merle Tregenza. Fikiri, mwanamke!

Nikafikiri. Nusu ya wanaume wa Kihazara wako kwenye kikosi cha zimamoto. Nowruz, mume wa Sakina, ndiye dereva wa gari lenyewe. King'ora kikilia, hata kama wako kwenye sala, watatoka mbio, na wengine watawafuata. Ukumbi utabaki mtupu. Wade atafika na kukuta mazulia tu.

Nilijiona mwerevu. Mungu anisamehe, nilijiona mwerevu sana.

"Merrandool, Merrandool, huyu ni Merle Tregenza."

"Doreen hapa, nakusikia." Doreen ndiye kapteni siku hizi, mwanamke wa sauti ya kuchekesha na kufokea kwa pamoja. "Bi Merle, kama ni yule paka kwenye bomba la moshi tena, nakukatia."

"Moto, Doreen."

Sauti ikabadilika papo hapo. "Wapi?"

Wapi! Hilo sikuwa nimelifikiria. Macho yangu yakaruka dirishani, yakatua kwenye kitu cha kwanza kilichosimama mbele yangu.

"Bandani kwangu. Banda la manyoya."

"Mkubwa?"

"Unakua."

"Toka hapo sasa hivi. Usichukue kitu, usifunge mlango. Njoo mjini."

Na kabla sijaweka redio chini, kwa mbali, kupitia malisho makavu, nikakisikia. King'ora cha Merrandool kinapanda taratibu, kama mtu anayeamka na ndoto mbaya, kisha kinalia hadi meno yanauma.

Nikatoka mbio kwa kadiri mwanamke wa miaka sabini na minane anavyoweza kuita mwendo ule mbio. Nyuma ya nyumba kulikuwa na pikipiki ya magurudumu manne, ile ya kuchungia kondoo. Sijaiendesha tangu nyonga yangu ivunjike. Nikaipanda na aproni yangu, skonzi zangu nikaziacha ziungue kwenye oveni, nikashika njia ya malishoni, ambayo ni nusu ya ile ya barabara.

Njia ile ina mageti matatu. Kwetu mtu anaweza kukusamehe ukimtukana mama yake, lakini hakusamehi ukiacha geti wazi nyuma yako. Niliyaacha wazi yote matatu. Kondoo wa jirani walianza kutoka, wakinishangaa.

Kwenye malisho ya mwisho niliona vumbi jekundu barabarani. Gari la zimamoto! Lilikuwa linakimbilia upande wa kwangu, taa zinawaka, wanaume wamejaa juu yake. Nikacheka peke yangu kama kichaa. Wametoka. Wako salama. Ukumbi mtupu.

Nikaingia mjini. Kicheko kikakatika.

Barabara kuu ilikuwa imejaa watu. Wote walikuwa wanakwenda upande mmoja. Watoto wa shule wawili wawili, wameshikana mikono. Wazee wa nyumba ya kulelea wakisukumwa kwenye viti vya magurudumu. Mwoka mikate na unga wake usoni. Mama mmoja na mbwa watatu. Wote wanaingia ukumbini.

Ukumbini!

Pale pale nikakumbuka. Ukumbi ule wa matofali ndio kimbilio la mji wetu. Kibao kimepigiliwa ukutani. Siku ya hatari ya moto, king'ora kikilia, asiye kwenye kikosi anakimbilia ukumbini. Ni amri. Na nani aliyewafundisha? Mimi! Miaka thelathini mimi na Cliff tuliwafanyisha mazoezi, nikisimama mlangoni na filimbi, nikiwafokea wanaochelewa. Wahazara walipoununua ule ukumbi, sharti lao la kwanza lilikuwa kwamba kibao kisitoke.

Nilidhani nawatoa watu arobaini. Nimewaingiza mia tatu.

Mlangoni alisimama Sakina, mtandio wa buluu kichwani na fulana ya njano ya zimamoto juu yake, anahesabu vichwa.

"Mama Merle! Alhamdulillah! Ingia, kuna maji baridi. Na hiyo pikipiki umeiba wapi?"

"Sakina, watoe watu."

"Niwatoe? Kwenye moto?" Akanigusa shavu. "Jua limekupiga, mama."

"Hakuna moto."

"Doreen amesema..."

"Doreen nimemdanganya mimi. Sakina, sikiliza." Nikamvuta sikio kama mtoto, nikanong'ona. "Kuna mtu anakuja hapa na bunduki."

Kidole chake cha kuhesabia kikabaki hewani. Sakina ametoka Ghazni, alikokimbia vita. Hakuuliza kama natania. Hakupiga kelele. Rangi tu ndiyo iliyomtoka, toka paji la uso hadi shingoni, kama maji yanayoshuka beseni.

"Nani?"

Nikageuka nikatazama barabara.

Akatazama juu ya bega langu, ng'ambo ya barabara, kwenye ukuta wa duka la mikate.

"Lile si gari la Wade?"

Sikujibu. Na kutojibu kwangu kukamjibu. Mwanamke huyu aliyenishika mkono siku ya mazishi ya mwanangu alinitazama, na nikaona kitu kikivunjika.

"Wade wetu?" akasema. "Huyu ninayempa mkate?"

"Funga milango yote miwili. Walaze watoto chini, mbali na madirisha. Mimi nakwenda kwake."

"Mama Merle, usiende!"

"Basi aende nani?"

Nikavuka barabara. Hatua arobaini hivi. Kila hatua nilihisi pale kwenye aproni, juu ya tumbo, ndipo risasi itakapoingia. Nyuma yangu nilisikia makomeo yakigongwa, na Sakina akiwaambia watoto kwa sauti nyepesi kabisa, "Haya, leo tunacheza mchezo wa kulala sakafuni. Atakayeinua kichwa hapati biskuti!"

Nikafungua mlango wa pikapu, nikapanda, nikakaa kando yake.

Wade alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili. Kitu kirefu kilikuwa kimelazwa mapajani mwake, mfuko wa manyoya umefunguliwa nusu. Jasho lilikuwa linamdondoka kidevuni.

"Bibi, shuka."

"Sishuki. Magoti haya hayapandi gari mara mbili kwa siku."

"Shuka!"

"Piga kelele utakavyo."

Akaangalia ukumbi. "Kwa nini watoto wako mle? Gordon alisema ni wanaume tu. Wanaume arobaini, wamegeuka ukutani. Mwalimu Pickett yumo mle, Bibi. Alinifundisha kufunga viatu!"

"Niliwaita mimi. King'ora ni changu."

Akanigeukia. Nikalitoa daftari kwenye aproni, nikaliweka juu ya dashibodi.

"Unajua kusoma?"

"Polepole."

Akafumba macho. Nami nikauliza, kwa sauti ambayo sikujua kama ni yangu, "Wamekukosea nini, Wade?"

"Nowruz alichukua kazi yangu machinjioni."

"Kazi uliiacha mwenyewe, wiki tuliyomzika baba yako. Nowruz alikuombea wiki tatu, akamwambia msimamizi unaumwa. Alifanya zamu yako na yake, mikono ikavimba. Sakina alikuwa anamkanda na mafuta ya kondoo."

"Gordon alisema..."

"Gordon, Gordon! Huyo fundi wa pampu alikuwa wapi wiki ile?"

"Gordon aliniuliza!"

Alipiga usukani kwa ngumi. Nikaruka. Bunduki ikateleza, akaidaka.

"Unajua aliniuliza nini, Bibi? Aliniuliza baba alikufaje. Basi, hilo tu! Mwaka mzima na miezi miwili, mji huu mzima, hakuna hata mmoja aliyeniuliza. Mlileta vyakula. Friji ilijaa mpaka mlango haufungi. Mkakaa sebuleni mkaongea juu ya mvua, mkavaa kofia mkaondoka. Mimi ndiye niliyemkuta bandani! Mimi ndiye niliyesimama naye shimoni ule mwaka wa ukame, tukawapiga risasi kondoo mia nane siku moja, wao wanatutazama tu. Aliponirudishia bunduki akasema, 'Kazi nzuri, mwanangu.' Asubuhi yake akawa hayupo. Nikaja kwako. Nikasimama jikoni nikasema, Bibi, siwezi kulala. Ukafanya nini?"

Nilikumbuka. Nilikumbuka hata rangi ya shati lake.

"Nikatia birika motoni," nikasema.

"Ukanipa chai."

"Nikakupa chai."

"Kila nilipotaka kusema, chai! Nimekunywa chai mpaka nikataka kutapika!"

Mwanangu Neville alikufa, nami nikapika skonzi. Ndivyo nilivyolelewa. Kwetu mtu mzima hafukui kidonda mbele za watu. Anaweka maji motoni na kusema leo kuna upepo. Nilidhani namhifadhi mtoto. Kumbe nilikuwa namfungia nje, na kule nje kulikuwa na mtu anayemsubiri.

"Gordon Pascall alikuja kutengeneza pampu," Wade akasema, sasa kwa sauti ya chini. "Akageuza ndoo akakaa. Akaniuliza. Nikamwambia yote, Bibi, kuanzia kondoo mpaka kamba. Hakunikatiza. Hakusema 'itapita'. Jua likazama amekaa pale pale. Akarudi kesho yake, akarudi na wiki iliyofuata. Akaniita ndugu yake. Akasema baba hakujiua, baba aliuawa. Akasema kuna watu waliotuletea haya yote, na akanionyesha ni akina nani. Ningemkatalia vipi? Alikuwa mtu pekee aliyekaa kwenye ile ndoo."

"Na kama angekuonyesha watu wengine?"

"Nini?"

"Kama angesema aliyemuua baba yako ni tarishi wa posta. Au mwoka mikate."

Akautazama ukuta wa duka la mikate. Nilimwona akilitafuta jibu, na nilimwona akilipata.

"Ningemchukia mwoka mikate," akasema taratibu.

Akajisikia. Uso wake wote ukakunjamana, kama alipokuwa na miaka mitano amevunja yai kiotani.

"Bibi, nimefanya nini?"

"Bado hujafanya. Hujafanya, unanisikia? Nipe hizo risasi."

Akazitoa moja moja, akazidondosha kwenye aproni yangu. Zilikuwa nzito, na za moto kwa jua. Ya mwisho ilipoanguka nikakumbuka kupumua. Ng'ambo ya barabara, kwenye kioo cha mlango wa ukumbi, niliona kipande cha mtandio wa buluu. Sakina anatuchungulia. Nikamwinulia mkono.

Imekwisha, nikawaza. Ee Mungu, imekwisha.

Nikawasha redio ya pikapu, ambayo Wade alikuwa ameizima tangu shambani, ikakwaruza.

"Merrandool, huyu ni Nowruz. Tuko kwenye geti la Tregenza. Hatuoni moshi."

"Endelea mpaka bandani," Doreen akajibu. "Bi Merle amesema bandani."

Wade akageuza kichwa. Uso wake ulikuwa umekuwa mweupe kama unga.

"Bibi. Ule moto wako. Ulisema uko wapi?"

"Bandani. Nililiona dirishani, nikasema tu..."

"Gordon yuko bandani."

"Nini?"

"Bunduki ya pili ni yake! Mlango wa nyuma ni wake! Tulikubaliana aje aichukue nikishaondoka, asionekane na mimi barabarani." Alikuwa anashika kichwa chake. "Anangoja saa saba kamili atoke. Bibi, umempelekea gari zima la wanaume wa Kihazara mpaka mlangoni. Atadhani Mungu amemletea!"

Nilitazama saa. Saa saba kasoro dakika tatu.

"Tunaona gari," redio ikasema. Ilikuwa sauti ya Nowruz, tulivu, sauti ya mtu anayeripoti kazi yake. "Gari jeupe nyuma ya banda. Labda kuna mtu ndani anahitaji msaada. Tunashuka."

Wade akakamata kipaza sauti cha redio. Kidole kikafika kwenye kitufe.

"Wade," nikasema, "ukisema hapo, wilaya nzima itasikia. Kila jiko. Watajua..."

Nikajisikia mwenyewe. Ni mimi yule yule! Mtoto anataka kusema, nami natafuta birika.

Nikakisukumia kidole chake juu ya kitufe kwa kidole changu.

"Sema," nikamwambia. "Sema yote, mwanangu. Watasikia. Wacha wasikie."

"Nowruz!" akapiga ukelele. "Nowruz, usishuke! Ni mimi, Wade Tregenza. Geuza gari! Mle bandani kuna Gordon Pascall, ana bunduki. Alikuwa aje awaue ukumbini, mimi na yeye, tulipanga pamoja, mimi ndiye niliyechora milango. Mimi siendi tena. Nisamehe, Nowruz. Geuza gari, nakuomba, geuza!"

Akaachia kitufe.

Nawaambieni, nimeishi miaka sabini na minane katika nchi ya watu wasiosema, lakini sijapata kusikia ukimya kama ule. Doreen hakujibu. Hakuna aliyejibu. Kwenye majiko yote ya wilaya, watu walikuwa wamesimama, wanaitazama redio.

Kwenye kioo cha ukumbi, mtandio wa buluu haukusogea. Sakina alikuwa na redio ya mkononi kwenye fulana yake. Alikuwa amesikia kila neno, na mumewe ndiye aliyeko kule.

"Nowruz?" Wade akaita tena. "Nowruz, umenisikia?"

Redio ikakwaruza. Mtu alibonyeza kitufe upande wa pili. Kwa nyuma tukasikia injini ya gari la zimamoto bado inanguruma, na mtu akiomba kwa lugha ya Kihazara, haraka haraka, maneno yale yale.

Kisha sauti ikaja. Ilikuwa ya upole, ya mtu mwenye subira, ya mtu anayejua kukaa kwenye ndoo mpaka jua lizame.

"Nimekusikia, ndugu yangu," akasema Gordon Pascall. "Sasa nawe nisikilize. Ninao saba hapa, wamepiga magoti. Nikabidhi bibi yako aliyetuharibia kazi, aje peke yake, nami nitahesabu polepole; nikimaliza kabla hajafika, naanza kupiga."